Kutoka Afrika Mashariki hadi Barcelona: mwongozo kamili wa kupanga safari ndefu ya ndege

Ukitoka Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe au Kigali kwenda Barcelona, utaunganisha ndege mahali fulani: Istanbul, Doha, Dubai, Cairo, au mji mkubwa wa Ulaya kama Amsterdam na Paris. Safari nyingi huharibikia kwenye maungio hayo. Viza huanza siku moja baada ya tarehe ya tiketi, jina linapungua herufi, tiketi mbili hazijuani, au saa inasomwa vibaya. Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya tiketi. Mimi ningeliweka swali hilo la tatu, baada ya majira na viza.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Mei, Juni, mwishoni mwa Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Jua lipo, bahari inaogeleka kuanzia Juni, na misururu inavumilika. Julai na Agosti mji hufurika watalii, bei za vyumba hupanda, na Agosti maduka mengi ya wenyeji hufungwa kwa likizo. Januari na Februari ni nafuu, lakini beba koti la kweli, maana baridi ya Arusha ya Julai haitakuandaa vya kutosha kwa upepo wa bahari ya huko.

Kuna siku mbili za kulenga. Tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Sant Jordi, mitaa hujaa meza za vitabu na maua ya waridi. Karibu na tarehe 24 Septemba ni La Mercè, sikukuu ya mji, ambapo watu hupandiana mabegani wakajenga minara ya binadamu mbele ya ukumbi wa jiji. Ukitaka siku hizo, weka nafasi ya chumba mapema sana.

Hatua ya pili: viza, kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa

Hispania imo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kisheria uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kusogezwa hadi siku 45. Usisahau pia kwamba kupata miadi ya kupeleka karatasi kwenyewe ni kazi. Anza miezi mitatu au minne kabla.

Unaomba kwenye nchi unakoishi kihalali. Mswahili aliyeko Muscat kwa kibali cha ukaazi huomba Muscat, hana haja ya kurudi nyumbani. Na unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama ni siku tano Barcelona na mbili Paris, ni Hispania. Kama siku zinalingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Usimsikilize anayekwambia ombea nchi fulani kwa sababu "wanatoa kirahisi", halafu ukaishie kwingine. Askari wa uhamiaji anaruhusiwa kukuuliza unalala wapi, na atauliza.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na wa chini ya hapo halipi. Kituo cha kupokelea maombi huongeza gharama yake juu. Ukinyimwa, ada hairudi.

Sasa karatasi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari igharimie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, katika nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari. Ongeza siku mbili tatu mbele, ndege zinachelewa. Kisha barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, au leseni ya biashara na karatasi za kodi kama umejiajiri, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, mahali pa kulala, na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi.

Kwenye taarifa ya benki ndipo wengi huumbuka. Milioni kadhaa zilizoingia wiki moja kabla ya miadi, kwenye akaunti ambayo miezi yote ilikuwa na laki mbili, humwambia ofisa kwamba umekopa ili uonekane unazo. Ni afadhali akaunti ya wastani yenye mshahara unaoingia na matumizi yanayotoka kila mwezi. Kama kuna fedha kubwa imeingia kweli, umeuza kiwanja au umepokea mchezo, ambatisha ushahidi wake. Hispania huhesabu uwezo wa mgeni kwa siku, na kipimo chake kimefungwa kwenye mshahara wa chini wa nchi hiyo, hivyo weka hesabu ya zaidi ya euro 100 kwa kila siku utakayokaa. Ukifikia kwa ndugu, anapaswa kukuombea barua rasmi ya mwaliko polisi kule. Barua ya kuandika mwenyewe haitoshi.

Nafasi ya ndege inayotakiwa ni uthibitisho wa kushikiwa kiti, si lazima tiketi iliyolipiwa. Wakala mzuri wa tiketi ataishika nafasi hiyo kwa siku kadhaa. Chumba nacho uchukue kile kinachoweza kufutwa bila gharama.

Pasipoti ikirudi, usiishie kushangilia. Soma stika papo hapo: jina, tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya siku, na idadi ya kuingia. Ikiandikwa kuingia mara moja, ukitoka Schengen huwezi kurudi. Mtego wake uko karibu na Barcelona kabisa: Andorra, nchi ndogo ya milimani ambayo mabasi ya watalii huenda na kurudi kwa siku moja, haimo Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akipanda basi hilo amejifungia mlango wa kurudi.

Hatua ya tatu: tiketi

Sheria ya kwanza ni tiketi moja. Nambari moja ya nafasi kutoka nyumbani hadi Barcelona na kurudi. Utaona mtandaoni mtu amekuunganishia shirika moja hadi Istanbul na jingine la bei rahisi kutoka hapo, na bei imepungua. Maana yake ni kwamba mzigo wako utashukia Istanbul, nawe utatakiwa uingie Uturuki kuuchukua na kuukabidhi upya, jambo linaloweza kudai viza. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni na wewe. Kwenye tiketi moja, mzigo hubandikwa lebo hadi BCN, yaani Barcelona, na ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, wao ndio wanaokutafutia nyingine.

Sheria ya pili ni kujua unapitia wapi. Kupitia Istanbul, Doha, Dubai au Cairo, ukibaki ndani ya uwanja, uhamiaji wa Ulaya utakutana nao Barcelona. Kupitia Amsterdam au Paris, unapita uhamiaji wa Ulaya pale pale, na ndege ya kwenda Barcelona ni kama ya ndani. Kwa hiyo unahitaji muda zaidi wa kuunganisha, kwa sababu ya foleni ya pasipoti. Binafsi nisingechukua chini ya saa mbili na nusu. Kupitia London ni habari nyingine: Uingereza ina viza yake ya kupita, na viza fupi ya Schengen haikusaidii. Wenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa wakumbuke kwamba Schengen huwadai viza hata ya kupita uwanjani tu, kwa hiyo ukiwa safarini kwenda kwingine usinunue tiketi ya kupitia Ulaya bila kulitazama hilo.

Kwa urefu, Dar es Salaam hadi Istanbul ni karibu saa saba angani, kisha chini ya saa nne hadi Barcelona. Kupitia Doha vipande viwili hukaribia kulingana, kama saa sita na saa saba. Mwenye watoto wadogo, au asiyepata usingizi ndani ya ndege, atapendelea kipande kirefu kiwe cha usiku na kifupi kiwe cha asubuhi.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama pasipoti inasema Mwanaisha na wewe mtaani ni Aisha, tiketi iseme Mwanaisha. Na usiruke kipande cha kwanza ukidhani utadandia njiani: ukikosa kupanda mwanzo bila taarifa, shirika kwa kawaida hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi.

Hatua ya nne: soma saa kwa makini

Tiketi huandika saa za mahali, kwa mfumo wa saa 24, kuanzia usiku wa manane. Ndege nyingi za kwenda kaskazini huondoka kwetu usiku mkubwa. Tiketi ikisema Ijumaa 03:55, ni saa tisa na dakika 55, usiku wa kuamkia Ijumaa. Unatoka nyumbani Alhamisi baada ya chakula cha usiku. Kila mwaka wapo wanaofika uwanjani Ijumaa usiku na mabegi yao, wanaonyeshwa ubao, ndege ilishatua zamani. Ukimwagiza dereva wa teksi, mtajie siku na saa ya kutoka nyumbani, usimtajie saa ya ndege.

Barcelona iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, kati ya Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hiyo ni raha ya safari hii: utachoka kwa kukaa, lakini mwili hautachanganyikiwa usiku na mchana kama wa anayekwenda Marekani.

Hatua ya tano: malazi na tiketi za kuingilia

Kwa mara ya kwanza, kaa eneo la Eixample: mitaa ni mipana na iliyonyooka, metro iko karibu. Barri Gòtic na El Born zina uzuri wa zamani na vichochoro kama vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, lakini usiku kuna kelele na begi la magurudumu utalibeba begani. El Raval ni ya bei nafuu kidogo na imejaa maduka na migahawa ya Wapakistani, kwa hiyo anayetafuta chakula cha halali hatahangaika. Usiku baadhi ya vichochoro vyake vinahitaji uangalifu. Ukikodi nyumba badala ya hoteli, tafuta nambari ya kibali inayoanza na HUTB kwenye tangazo. Isipokuwepo, achana nayo. Kodi ya utalii hulipwa mapokezi, kwa kila usiku, nje ya bei uliyoiona.

Sagrada Família, kanisa lililoanza kujengwa 1882 na ambalo Antoni Gaudí alilishughulikia hadi alipogongwa na tramu akafa 1926, huuza tiketi mtandaoni tu, kwa siku na saa maalumu. Park Güell, bustani aliyoibuni Gaudí, nako nunua mtandaoni kabla. Subiri viza itoke ndipo ununue hizi. Wenye M-Pesa ya Kenya wanaweza kulipia kwa kadi ya Visa ya mtandaoni iliyomo kwenye huduma hiyo.

Hatua ya sita: begi

Dawa, chaja, nyaraka, na nguo ya kubadilisha ziwe kwenye begi la mkononi. Dawa za kila siku zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Soketi za Hispania ni za matundu mawili ya mviringo. Chaja zetu za Tanzania, Kenya na Uganda zenye meno matatu bapa haziingii, kwa hiyo nunua adapta Kariakoo au River Road kabla ya kuondoka, uwanjani ni ghali. Umeme wenyewe ni volti 230, hauna tatizo.

Kuhusu vyakula, mama zetu hawawezi kukuacha utoke mikono mitupu, kwa hiyo ujue sheria. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya kwa kawaida ni marufuku: nyama kavu, samli na jibini zitaishia pipani. Samaki kwa matumizi yako huruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu wanapita. Asali ni hadi kilo 2. Matunda mabichi mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, yaani maembe yako ya dodo yasahau, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi lazima uzitangaze.

Kadi ya homa ya manjano Hispania haiidai, ila ibebe. Ukirudi kupitia nchi yenye ugonjwa huo unaweza kuulizwa nyumbani. Tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani inasema miaka 10.

Siku ya safari

Fika uwanjani saa tatu kabla. Chakula cha halali au kisicho na nyama huombwa angalau saa 24 kabla kupitia tovuti ya shirika. Ukikumbuka ukiwa umekaa kitini, umechelewa. Picha za pasipoti, viza na bima ziwe kwenye simu, na nakala za karatasi zikae begi tofauti na pasipoti yenyewe. Mzazi anayesafiri na mtoto peke yake abebe ridhaa ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili.

Ndani ya ndege, kukaa zaidi ya saa nne bila kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Inuka, tembea, zungusha vifundo, kunywa maji. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kupata tatizo hilo amuone daktari kabla. Ukifika unakounganisha, tazama kwanza ubao wa geti, ndipo utafute kahawa. Istanbul hasa ni uwanja mrefu, na mageti hubadilika.

Kutua El Prat, uwanja wa Barcelona

Tangu Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuweka mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa mgeni, kwa picha na alama za vidole, badala ya mhuri. Unapopita mara ya kwanza huchukua muda. Kuwa na anwani ya unakolala na tiketi ya kurudi mkononi, ujibu kwa ufupi unachoulizwa.

Begi lisipotokea, usitoke ukumbini. Nenda kaunta ya mizigo, upewe ripoti yenye nambari. Begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na begi lililocheleweshwa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Tunza risiti za vitu ulivyolazimika kununua.

Kwenda mjini kuna njia kadhaa. Basi la Aerobús hutoka vituo vyote viwili, T1 na T2, hadi Plaça de Catalunya kwa kama dakika 35. Ndilo rahisi kwa mgeni mwenye mizigo. Treni ya R2 Nord hutoka T2 tu. Metro ya L9 Sud inafika uwanjani, lakini inadai tiketi yake maalumu. Kadi ya safari 10 iitwayo T-casual haifunguki kwenye kituo hicho cha metro, ila inafanya kazi kwenye treni na kwenye basi namba 46 la Plaça d'Espanya. Kadi hiyo ni ya mtu mmoja. Wawili mnunue mbili. Usiku wa manane kuna basi la N17 kutoka T1.

Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza utozwe kwa shilingi au euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, viwango vyao vitakula fedha yako.

Ukiwa mjini

Wezi wa mfukoni wapo, hasa La Rambla, kwenye metro na ufukweni. Hawatumii nguvu: mmoja anakuonyesha doa shatini, mwenzake tayari ana simu yako. Simu isikae mezani mkahawani. Ukiibiwa, namba ya dharura ni 112, na ripoti ya polisi wa jimbo la Catalonia, Mossos d'Esquadra, ndiyo bima itakayoitaka. Kenya ina ubalozi Madrid. Wengine waandike kabla ya safari namba ya ubalozi wao unaosimamia Hispania.

Chakula cha mchana ni kati ya saa nane na saa kumi za kwetu, cha jioni ni baada ya saa tatu usiku. Siku za kazi tafuta *menú del día*: mlo wa kwanza, wa pili, mkate na kinywaji kwa bei moja. Asiyekula nguruwe aulize hata akiagiza maharage, maana vipande vyake huingizwa kuleta ladha.

Mtu wa pwani nampa sehemu tatu kabla ya Gaudí. Plaça del Rei, jumba la makumbusho la historia linakushusha kwa lifti hadi chini ya ardhi, kwenye mabaki ya Barcino ya Warumi: mabirika ya kutia nguo rangi, karakana ya divai, na mitungi ya kuchachushia samaki. Drassanes, karakana ya mashua ya zama za kati, ina mfano wa ukubwa kamili wa jahazi la makasia lililoongoza vita vya Lepanto 1571. Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, zote mbili huingiwa bure.

Na kanisa la Santa Maria del Mar, lililojengwa kati ya 1329 na 1383. Mawe yake yalibebwa mgongoni na mahamali wa bandarini kutoka mlima Montjuïc, bila malipo. Kabla hujaingia, tazama mlango mkuu wa mbao: kuna vijitu viwili vya shaba, vimeinama chini ya mizigo. Wengi hupita wakitazama juu, hawavioni.

Kurudi

Ulichonunua dukani unaweza kurudishiwa kodi kama unaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Hispania haina kiwango cha chini cha manunuzi. Dukani omba fomu ya DIVA, na uwanjani iskani kwenye mashine zake kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe.

Ndege ikichelewa kurudi, sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004 iko upande wako kwa sababu umeanzia Barcelona, hata kama shirika si la Ulaya. Kwa tiketi moja ya zaidi ya kilomita 3,500, kuchelewa sana kufika mwisho wa safari kunaweza kukupa hadi euro 600, mradi sababu isiwe nje ya uwezo wao, kama dhoruba. Wakati wa kwenda, ukiruka na shirika lisilo la Ulaya, sheria hiyo haikuhusu. Tunza pasi ya kupandia, na udai mwenyewe kwenye tovuti ya shirika kabla ya kumpa dalali asilimia.

Na zawadi zako zihamishe kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya kutua. Mifuko ya plastiki ya madukani ni marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na utaombwa uiache hapo hapo uwanjani.